Makofi ya Hamburg

Wageni walipokwisha kukaa, na waliokosa viti wakaegemea ukuta, Absalom Obiero alimwashiria Mbarak aanze. Mbarak alikuwa fundi wa redio pale mtaani Kaloleni, na mashine ya kaseti ilikuwa yake, kwa maana nyumba ya Absalom ilikuwa na redio tu. Alikuwa ameipangusa vumbi, ameitia betri mpya, ameiweka katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mwaka wa 1988, watu wametoka kanisani, na nyumba nzima ilinukia kuku.

Siku hizo waliokuwa na watoto ng'ambo walipata salamu zao kwa kaseti. Mtoto alikaa huko baridini akaongea peke yake chumbani, akawataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, na huku nyumbani kila aliyetajwa aliitika kana kwamba anasikika. Absalom alikuwa amewaahidi watu kwamba leo watamsikia Agneta, binti yake wa pili, aliyekuwa Ujerumani Magharibi katika mji wa Hamburg akisomea udaktari. Karibu wote waliokuwa chumbani walichangia nauli yake. Mzee Wakhisi, fundi wa reli aliyestaafu, ndiye aliyesimamia harambee ile, na leo alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mikono. Kando yake alikaa Beldina, dada mkubwa wa Absalom, aliyekuja tangu jana kutoka Usenge anakoanika omena, dagaa wa ziwani. Beldina alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya safari ile. Alikaa ameufunika mguu wa kushoto kwa leso, na hakusimama hata kwa sala.

Kaseti ililetwa na kijana anayeitwa Walter, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Hamburg baada ya masomo. Walikutana na Absalom kituoni Mamboleo, kijana ana haraka ya gari. Alimkabidhi na kumwambia kwamba Agneta anaomba wasikilize mpaka mwisho, ndiyo salamu yake. Absalom hakuuliza zaidi. Aliona ni salamu ndefu.

Mbarak akabonyeza.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ikatoka sauti moja nzito, ya chini sana, kama meli inayoguna mbali ziwani. Iliendelea hivyo bila kupanda wala kushuka. Watu wakangoja imalizike, Agneta aanze. Ikaja sauti nyingine ikakaa karibu na ile ya kwanza, karibu mno, lakini zisipatane, na hapo zikaanza kukwaruzana. Mama mmoja akacheka akajiziba mdomo. Mbarak akasimamisha mashine.

Alisema kichwa cha mashine kimeshika uchafu. Akatoa pamba na spiriti mfukoni, akasafisha, akairudisha kaseti nyuma kidogo, akabonyeza tena. Ikatoka ile ile. Sasa kulikuwa na kugongagonga pia, kama vidole juu ya mbao, halafu sauti nyembamba nyingi zikapanda pamoja mpaka ukuta ukaonekana kuwa karibu. Mbarak alifungua kifuniko, akaiangalia kanda kwenye mwanga wa dirisha, na kusema haijavutika wala haijakunjika. Kaseti ilikuwa nzima, mashine ilikuwa nzima.

"Labda anaongea baadaye," Absalom akasema. "Acha iende."

Ikaenda. Watu walitazama meza kwa adabu, kama wanavyotazama ugonjwa wa mtu. Watoto walitolewa nje. Muziki, kama ulikuwa muziki, ulipata nguvu, ukapungua, ukakaa kimya muda ambao kila mtu alidhani umekwisha, ukarudi na sauti moja tu iliyolegea taratibu mpaka hakuna aliyejua imezima saa ngapi. Kisha yakafuata makofi. Yalikuwa makofi ya watu wengi kwenye nyumba kubwa, hayakukoma upesi, yalipungua yakapanda tena. Mwanamume akazungumza Kijerumani, na katikati ya maneno yake wote walisikia, vizuri kabisa ingawa kwa kupindishwa, jina la Agneta Obiero.

Kaseti ikajizima yenyewe.

Mbarak aliitoa akasoma karatasi iliyobandikwa. Hakujua lugha, lakini alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mahali pale walipopiga chapa jina la Agneta kwa kawaida huandikwa jina la mwenye nyimbo.

"Mwenye nyimbo," Mzee Wakhisi akarudia. Alimgeukia Absalom, na hakuwa na ukali. "Bwana Obiero, hii ni sehemu ya udaktari?"

Absalom alisema kwamba huko Ulaya wana namna nyingi za kutibu, na kuna wagonjwa wa akili, huenda wanawatuliza kwa sauti. Alisema hivyo akitazama mashine. Wageni wakasema ndiyo, Wazungu wana mambo. Kuku akaliwa. Waliosifu chakula walisifu sana kuliko ilivyohitajika, na kabla jua halijaegemea, nyumba ilikuwa tupu.

*

Absalom alikuwa msomaji wa mita za maji wa baraza la mji. Kazi yake ilikuwa kuingia nyua za watu, kuinamia mita, kuandika tarakimu na kutoka. Wiki ile aliona kwamba kila ua wa Kaloleni una swali. Mmoja alimwuliza kama ni kweli binti anapiga gita kwenye baa. Mwingine alitaka kujua muziki ule unatibu nini hasa, maana ana ndugu asiyelala. Kijana mmoja pale dukani aliiga sauti ya kaseti kwa kuvuta kiti kwenye sementi, na watu wakacheka mpaka walipomwona Absalom. Akaanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, asipite mlangoni kwa Mzee Wakhisi.

Nyumbani hakutaka kaseti itajwe. Lakini Benta, mkewe, alikuwa na jambo lingine. Alipokuwa akifagia chumba alicholala wifi yake alisikia harufu ambayo si ya omena. Akamwomba Beldina aondoe leso. Beldina alikataa, halafu akachoka kukataa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na vidole viwili vilikuwa vyeusi.

Beldina alieleza bila kulalamika. Alikanyaga msumari wa mashua mwaka uliopita. Kidonda kilipona juu, kikaendelea chini. Watu wa Usenge walimwambia aende hospitali, akawaambia ana daktari wake mwenyewe, aliyemlipia kwa ng'ombe, na anarudi mwaka huu au ujao. Ndiyo sababu alikuja kusikia kaseti, ajue tarehe.

Benta alifunika ule mguu, akatoka akasimama nyuma ya nyumba kwa muda. Kisha akamwambia mumewe kwamba wao wawili wanakwenda Posta kupiga simu, na kama hataki, atakwenda peke yake.

Walikwenda wote. Namba walikuwa nayo, ya nyumba ya wanafunzi, wameitunza kwa ajili ya msiba. Karani aliwaonya mara mbili kuhusu bei ya dakika za ng'ambo, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, akimtazama Benta viatu. Absalom alilipa. Lakini kibandani hakuingia. Alisimama nje akashika mlango uliokataa kufunga.

"Agneta, ni mama."

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tumepata kaseti."

Simu ikavuma. "Mmesikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ni nini ile?"

"Ni kazi yangu, Mama. Niliiandika mimi."

"Na udaktari?"

"Niliacha. Nilisoma mwaka mmoja nikaacha." Agneta alianza kuongea haraka. Alisema alikuwa akipiga kinanda kwenye kanisa moja kupata senti, kama Sister wa misheni alivyomfundisha shuleni, na mwalimu mmoja akamsikia, akampeleka kwenye mtihani wa chuo cha muziki, naye akapita. Alisema alitaka kuwaambia. Kila alipokaa kuandika barua aliona ataonekana mwizi. Akajiambia afanye kwanza kitu cha kuonyesha.

Tangu Kaloleni Benta alikuwa amebeba maneno makali, na sasa ndipo mahali pake. Lakini kulikuwa na swali lililomkwama tangu Jumapili, nalo ndilo lililotoka.

"Wewe uko wapi mle ndani? Ni ile inayolia kama mlango?"

"Siko, Mama. Wanapiga watu wengine."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi nilikaa kwenye viti na watu, nikasikiliza."

"Sasa yale makofi yote walimpigia nani?"

"Mimi."

Benta alilipima jambo hilo: mtu aliyekaa kimya, asiyegusa chochote, akapigiwa makofi kwa kelele za wengine. Nje ya kibanda Absalom alionyesha saa yake.

"Waya ana kidonda," Benta akasema. Waya ndilo jina Agneta alilomwita shangazi yake tangu utoto. "Vidole vimekuwa vyeusi. Hajaenda hospitali. Alikuwa anakungoja wewe."

"Mpelekeni leo," Agneta akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, isiwe kesho. Leo. Waambie wapime sukari."

*

Njiani kuelekea hospitali kubwa ya mkoa, Benta alimwambia Beldina ukweli wote. Alifikiri bora ausikie akiwa amekaa. Beldina aliuliza kama mtoto ni mzima. Alipoambiwa ni mzima, aliuvuta leso akaufunika mguu vizuri zaidi.

Ilikuwa sukari, na walikuwa wamechelewa. Madaktari walijaribu kuokoa mguu siku kadhaa, kisha wakaukata chini ya goti. Absalom ndiye aliyetia sahihi. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kile kiti cha mikono, na Benta alipomletea chai alimwambia kwamba hana binti Ujerumani. Benta aliweka chai chini akamjibu kwamba yeye anaye, na aliongea naye majuzi.

Lakini kazi haikungoja hasira yake. Mita zilikuwa zinasomwa, na mwisho wa mwezi zamu yake ilikuwa Milimani, kwenye nyumba zenye maua. Katika moja ya nyumba hizo aliishi mama mzee Mhindi wa Goa, mwalimu aliyefundisha watoto kinanda. Kwa miaka mingi Absalom alikuwa amesoma mita yake huku muziki ukitoka dirishani, asiutilie maanani zaidi ya mlio wa ndege. Siku hiyo, alipomaliza kuandika tarakimu, hakutoka. Mtumishi alimwuliza anangoja nini, maana maji huwa hayalipwi pale. Alisema ana swali kwa mama. Mtumishi akamwambia maswali yapelekwe ofisini. Wakabishana pale mlangoni, Absalom ameshika kofia, mpaka yule mwalimu mwenyewe akatoka kuona kelele ni za nini.

Absalom alimwuliza muziki unaandikwaje.

Alikaribishwa ndani, akasimama kwenye zulia na viatu vyake vya vumbi. Mwalimu alimfungulia kitabu kikubwa. Kila ukurasa ulikuwa na safu nyingi za mistari, moja chini ya nyingine, zimejaa alama nyeusi kama omena juu ya wavu. Alimweleza kwamba kila safu ni mtu mmoja au kundi moja, na wote hupiga kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayeandika lazima awasikie wote pamoja kichwani kabla hawajapiga. Absalom aliuliza ukurasa kama ule wakiupiga unachukua muda gani. Akaambiwa, sekunde chache. Akauliza kuuandika unachukua muda gani. Mwalimu akacheka kidogo, akasema hilo hutegemea, lakini ana rafiki aliyekaa na ukurasa mmoja wiki nzima, halafu akautupa.

Absalom alishukuru. Alipofika barabarani alikumbuka kwamba ameisahau kofia, na hakurudi kuichukua.

*

Aliyeitisha kaseti alikuwa Beldina. Alimwambia Benta wodini kwamba ameuza ng'ombe, na sasa ametoa mguu, na bado hajakisikiliza hicho kitu sawasawa, kwa sababu siku ile alikuwa na maumivu na watu walikuwa wengi. Alitaka aletewe.

Mbarak alitoa mashine bila kuuliza. Alionyesha tu jinsi ya kupunguza sauti. Benta aliiweka kitandani, karibu na sikio la wifi yake, wakati wa saa za kuwatazama wagonjwa. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Rehma, msichana aliyeungua na maji ya moto, na yeye aliomba sauti iongezwe kidogo kwa sababu hana la kufanya. Mgonjwa wa dirishani aliuliza ni dini gani. Nesi alikuja akitaka izimwe. Alisimama akasikiliza kidogo, akasema haisumbui, ila asiiweke usiku.

Mara ya kwanza Beldina alisikiliza amekunja uso. Ilipokwisha alisema, "Haina mahali pa kushika." Akaomba irudishwe mwanzo.

Siku iliyofuata alisikiliza tena, na siku nyingine tena. Benta alianza kuona mabadiliko, si katika muziki. Beldina sasa alijua njia. Kabla ya kule kugongagonga aliinua kidole. Wakati wa kimya kile kirefu, Rehma alipodhani imekwisha na kuanza kuongea, Beldina alimzuia kwa mkono. "Ngoja, bado." Na kweli ilikuwa bado.

Absalom aliwakuta hivyo. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini na ndizi kwenye karatasi. Alisimama miguuni mwa kitanda, mahali shuka lilipolala bapa upande mmoja, akasikiliza mpaka makofi. Dada yake hakumsalimia kwanza. Alingoja mashine ijizime.

"Unaipenda?" Absalom akauliza.

"Hapana," Beldina akasema. "Lakini nimeizoea. Kuna pahali pamoja napangoja." Alijisogeza kwenye mto, na maumivu yakampita usoni. "Kitu nimeona ni hiki. Huyo mtoto hakuwa anacheza. Mtu hawezi kutengeneza hii akiwa anacheza."

"Alitudanganya."

"Alitudanganya, ndiyo. Mimi mguu wangu uko wapi?" Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na Absalom akatazama chini. "Mkimpigia tena simu, mwambie mguu umeenda. Msimfiche. Halafu mwambie nimeisikiliza. Kwanza mguu, halafu hiyo."

Rehma, kutoka kitanda cha pili, aliuliza kama anaweza kuongeza salamu zake. Aliambiwa anaweza.

Benta ndiye aliyepiga simu, na safari hii Absalom aliingia kibandani. Mke alimwambia Agneta yote mawili kwa mpangilio ule ule. Agneta alilia, wakamngoja, huku karani akiwatazama kupitia kioo. Alipotulia aliuliza ni wapi hasa anapopangoja Waya. Hawakujua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Absalom alichukua mkono wa simu. Alimwuliza binti yake ni watu wangapi waliokuwa wakipiga, na kama kila mmoja alikuwa na mstari wake. Agneta akamwambia, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeulizwa kuhusu kazi yake. Dakika ziliisha wakiwa katikati.

*

Beldina aliruhusiwa kabla ya mvua za vuli. Alirudi Usenge na magongo mawili, na wanawake aliokuwa akianika nao walimpa kazi ya kukaa na kuchambua. Wapo waliosema ng'ombe yule alipotea bure. Yeye alijibu wenye kumwuliza na akawaacha wasiouliza.

Absalom alichukua muda zaidi. Jumapili moja kanisani, matangazo yalipokwisha, aliomba ruhusa ya kusema neno. Alisimama mbele bila karatasi. Alisema kwamba watu wa Kaloleni walimchangia binti yake akasome udaktari, na binti huyo si daktari na hatakuwa. Anaandika muziki. Alisema aliwadanganya siku ile ya kaseti kwa sababu ya aibu, na mwenye kinyongo aje kwake nyumbani, asikiseme dukani. Hakuwa ameomba radhi kwa namna ambayo baadhi walitarajia. Akaketi. Kulikuwa na minong'ono, na mtu mmoja wa nyuma akatoka.

Aliyekuja nyumbani alikuwa Mzee Wakhisi, peke yake, siku ya kazi jioni. Benta alipomwona mlangoni alifikiri ndiyo lawama imefika, akaenda kuweka maji ya chai ili mikono ipate shughuli. Mzee Wakhisi alikataa kiti cha mikono akakaa kwenye benchi. Alikaa akizungusha fimbo yake.

"Mimi nilisimama mbele ya watu nikaomba hizo pesa," akasema. "Watu wananiuliza, mzee, ni muziki gani? Sina jibu. Ulisema anaandika. Anaandika nini?"

"Hata mimi sijaelewa bado," Absalom akasema. "Nimeanza kuelewa kidogo tu. Kaseti iko hapa."

Mbarak alikuwa amewaachia mashine. Absalom aliileta mezani, akairudisha kanda mpaka mwanzo kabisa, akavuta kigoda karibu na benchi la mgeni. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, lakini hakukibonyeza mara moja.

"Mzee, mwanzo wake ni mgumu kidogo," akasema. "Utasikia tena ile sauti moja chini. Usiingoje ibadilike. Baadaye kutakuwa na kimya, utafikiri imekwisha. Haijakwisha. Nitakuonyesha."

Mzee Wakhisi aliweka fimbo sakafuni, akatega sikio lake lililo zima.